Jozi Nne za Spika na Kaseti Moja

Jozi ya kwanza ya spika ilikuwa ya mbao ya kahawia, kila moja kimo cha Biblia mbili zilizosimamishwa moja juu ya nyingine, na niliikataa. Nataka hilo lijulikane mapema, kwa sababu spika zile zilikuwa nzuri.

Niliikataa kwa ajili ya herufi s. Katika daftari langu niliandika kwamba s inapita kama kwenye meno yaliyobana. Nilikuwa na miaka ishirini, fundi wa redio niliyejifundisha mwenyewe katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na sikuwahi kuwa na uhakika na jambo lolote maishani kama nilivyokuwa na uhakika na zile s.

Lakini lazima nianze na mama.

Mama alikuwa mwimbishaji. Kule Kivu ya Kusini, kabla hatujakimbia, kwaya ya akina mama ya kanisa letu haikuanza wimbo mpaka yeye aanze. Alikuwa akisimama mbele bila daftari wala ngoma, anavuta pumzi, kisha sauti inatoka na wengine wanamfuata. Nakivale aliendelea hivyo hivyo, na watu waliokuwa hawajui jina lake walimtambua kwa koo lake. Kisha koo hilo likaota uvimbe. Daktari wa Mbarara alitueleza mapema, kwa upole, kwamba uvimbe umeuzunguka mshipa wa sauti na kwamba kuuacha ni hatari kuliko kuutoa. Ukatolewa. Mama akapona, akabaki na mnong'ono.

Daktari akasema jambo moja zaidi, nami nililishika kama msumari. Alisema kilichobaki kinaweza kukua, ila kwa kutumiwa: aongee, agune, aimbe hata kama inakwaruza, kila siku. Akinyamaza tu, hata hicho kidogo kitalala. Turudi baada ya miezi mitatu aone.

Mama alirudi nyumbani akaongea siku mbili. Siku ya tatu mtoto wa jirani alikuja kuomba moto, mama akamwambia aingie, na mtoto aliposikia ule mnong'ono alikimbia akiacha kigae chake mlangoni. Tangu hapo mama hakufungua mdomo. Alikaa kitandani nyuma ya pazia, sisi tunaliita rido, na akihitaji kitu aligonga kikombe cha bati kwa kijiko. Mara moja ni maji. Mara mbili ni ndiyo. Kanisani hakwenda tena. Mezani hakuja tena. Nyumba ya watu watatu, mama, mdogo wangu wa kike na mimi, ikawa inaongozwa na kijiko.

Tulikuwa na kaseti moja. Mgeni mmoja aliyepita kijijini kwetu zamani alirekodi kwaya ile kanisani, na mama alisafiri na kaseti hiyo ndani ya kopo la maziwa ya unga mpaka kituo cha mapokezi cha Kabazana, na kutoka hapo mpaka kwenye kiwanja chetu. Wimbo wa kwanza unaanza na yeye peke yake. Kuna pumzi, unaisikia kabisa akiivuta, kisha "Eee, wenye safari," kisha akina mama wanamjibu.

Mimi niliwaza hivi: akijisikia alivyokuwa, ataitaka sauti yake tena. Atajaribu. Lakini asijisikie kupitia redio yetu ndogo, ambayo kila mtu ndani yake alisikika kama anatangaza mgawo wa mahindi kwa kipaza sauti. Nikimsikilizisha vibaya, nilijiambia, nitakuwa nimemzika. Kwa hiyo kwanza nitafute spika, spika za kweli, ndogo za kutosha kukaa chumbani kwetu. Nikizipata ndipo nimwite.

Huko Mbarara nilikuwa na mtu wangu, mfanyabiashara Mwislamu aliyeuza redio na spika za mitumba. Sote tulimwita Haji. Nilimtengenezea redio zilizokufa, naye aliniruhusu kuchukua jozi moja ya spika nyumbani, niisikilize, niirudishe, nichukue nyingine, mpaka nipate ninayoitaka. Alikuwa akiniachia duka akienda kuswali adhuhuri. Siku nilipomwonyesha kaseti, aliigeuza mkononi kama mtu anayepima yai.

"Kijana, kwanza tuweke hii kwa memori kadi," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Kaseti ni kitu ya kufa."

"Hapana, Haji. Kopi inapoteza."

"Inapoteza nini?"

"Sauti za juu. Pumzi. S."

"Banange, jamani! Wewe iko na masikio ya popo?"

Akacheka, akanirudishia. Sikucheka. Nilikuwa nimesoma. Redio moja ya mitumba ilikuja imefungwa kwa kurasa za gazeti la Kifaransa la mitambo ya muziki ya nyumbani, nami nilizisoma kwa kamusi mpaka zikachanika kwenye mikunjo. Humo nilijifunza kwamba kopi haiwi sawa na asili, na kwamba anayelinganisha spika achague rekodi anayoijua kuliko zote, atafute kipande kifupi, akirudie. Nilitii. Hakuna mtu aliyewahi kutii gazeti kama mimi.

Nitaeleza nilivyofanya, kwa sababu wakati ule niliona fahari. Nilitumia redio kaseti ya gari, iliyotolewa kwenye gari lililokufa, kwenye betri iliyochajiwa na sola. Nilisubiri saa nane mchana, betri ikiwa imeshiba na mama amelala. Niliziweka spika juu ya matofali, hatua moja kutoka ukutani, kila moja ikiwa umbali sawa kutoka kwenye gunia la maharage nililokalia. Ukuta wa udongo ni mzuri kwa sauti, haurudishi makelele kama saruji ya dukani kwa Haji. Nilitundika blanketi nyuma yangu hata hivyo. Nilijua kwamba spika inayopiga kwa nguvu zaidi humdanganya msikilizaji aione bora, basi nilibandika alama kwenye kitufe cha sauti kwa kila jozi ili zilingane. Kisha nilifumba macho na kucheza kipande changu: pumzi, "Eee, wenye safari," simamisha. Rudisha nyuma. Pumzi, "Eee, wenye safari," simamisha. Sikuvuka hapo. Akina mama wanaojibu walikuwa wengi, na gazeti lilisema wengi huficha makosa.

Jozi ya kwanza, zile za kahawia. Siku nilipozisikia mara ya kwanza, ile pumzi ilikuwa karibu sana na sikio langu hata niligeuka. Nililia kidogo. Kisha nikajifuta machozi na kuanza kutafuta kasoro, nikazipata zile s.

Jozi ya pili ilikuwa ya plastiki nyeusi, fupi na nene. Besi ilikuwa nyingi, ikimfanya mama aimbe kutoka ndani ya pipa. Nilishangaa kwamba s hazikunisumbua tena, lakini pumzi ilikuwa imerudi nyuma. Niliandika: pumzi hafifu. Mbaya kuliko za kwanza.

Jozi ya tatu ilikuwa nyeupe, na zile spika ndogo za juu, twita, ziling'aa kama shilingi mpya. Mpira unaozunguka koni, ile karatasi inayotetema, ulikuwa umeoza. Niliukata na kuubadilisha kwa kitambaa cha mwavuli, kazi ya siku tano, nikikibandua na kukibandika upya kwa sababu gundi ilipita ukingo kwa upana wa uzi. Spika kama hizo zilipaswa kuwa kali. Zikasikika kama zimevikwa kitambaa. Niliandika: mbaya kuliko za pili.

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na minne na hakuniogopa.

"Yaya," aliniambia siku moja, kama kwetu mdogo anavyomwita kaka yake mkubwa, akichambua maharage mlangoni, "bale benye safari habajafika tu?"

"Nyamaza, nasikiliza."

"Kila siku unabasimamisha kwenye barieri. Eee, benye safari, tá! Rudi. Eee, benye safari, tá! Hata askari ya barabara anaruhusukaka batu bapite. Mbuzi za jirani zinajua ile wimbo sasa, zinangojea tu mwisho."

"Ukicheka, mama ataamka."

"Mama haiko nalala," alisema, akarudi kwenye maharage yake.

Nilimsikia. Nakiri kwamba nilimsikia vizuri kabisa. Lakini lile halikuwa jambo lililokuwa kwenye daftari, na mimi siku hizo sikuwa na nafasi ya jambo lisilokuwa kwenye daftari.

Wiki zilipita. Mama alikonda. Kijiko kiligonga mara chache zaidi, na siku nyingine hakikugonga kabisa, mdogo wangu akampelekea maji bila kuombwa na kuyarudisha yakiwa yamejaa. Nilikuwa nikimwona mama anapopita kwenda chooni, shali imefika masikioni, nami nilitazama chini kama mwanafunzi ambaye hajamaliza hesabu. Bado, mama. Bado kidogo.

Nilipompelekea Haji zile nyeupe, nilikuwa na hasira.

"Haji, unanipa mbaya na mbaya zaidi."

Aliweka tasbihi yake juu ya meza. "Ya kwanza ulisema mbaya. Ya pili mbaya kuliko ya kwanza. Ya tatu mbaya kuliko ya pili. Sasa mimi nauza takataka tu, bwana ssebo?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Iko kwa kitabu yako. Soma!" Alilichukua daftari akalifungua, ingawa mwandiko wangu mdogo ulimshinda. "Mama yako nasema nini?"

"Hajasikia bado."

Haji alilifunga daftari. "Miezi mbili na nusu," alisema polepole, "na mwenyewe hajasikia."

Akanipa jozi ya nne, nzito, za mbao nyeusi, bora kuliko zote dukani mwake. Alikuwa amezitunza kwa ajili ya nyumba yake. Nilizifunga kwa shuka nikazipakata njia nzima mpaka Nakivale. Saa nane mchana wa kesho yake nilifumba macho. Pumzi haikuwepo. "Eee" ilitoka nene, bila ukingo, kama mtu anaita kutoka nyumba ya tatu. Zilikuwa mbaya kuliko zote.

Zilibaki siku tisa turudi kwa daktari.

Nilirudi Mbarara kuomba zile za kahawia. Hazikuwa zimeuzwa. Haji alizifuta vumbi kwa mkono wa kanzu yake, akanipa. Moyoni niliomba msamaha kwa zile s. Niko tayari kuzichukua, nilisema, na meno yaliyobana na yote.

Nikaziweka juu ya matofali yale yale. Alama ile ile kwenye kitufe. Macho nikafumba.

Hakukuwa na pumzi. Hakukuwa na s. Spika zile zile, ukuta ule ule, na mama yangu anaimba chini ya blanketi.

Kwanza nilizilaumu nyaya. Nikazibadilisha, kushoto kwenda kulia. Nikasafisha kichwa cha kusomea kaseti kwa spiriti na pamba, pamba ikatoka na unga wa kahawia, nikaifurahia ile kahawia kwa sababu nilidhani ni uchafu tu. Hakikubadilika kitu. Nikakimbia kwa jirani nikaazima kaseti ya mahubiri ambayo hakuna aliyeisikiliza sana, nikaiweka. Mhubiri alitoka mwangavu kama maji ya bomba. Nilisikia akigeuza karatasi. Nilisikia mate yake.

Nikakaa kwenye gunia, pamba mkononi. Ule unga wa kahawia ulikuwa utepe wenyewe. Ulikuwa ni yeye. Kila siku, mara arobaini, mara hamsini, kwa miezi karibu mitatu, na vumbi letu la kiangazi ndani ya mashine, nilikuwa nimekwangua pumzi ya mama yangu kutoka kwenye kaseti pekee aliyokuwa nayo duniani. Spika hazikuwa zikizidi kuwa mbaya. Kipimo ndicho kilichokuwa kinaisha. Na kila kilipopungua mimi niliandika, kwa mwandiko mzuri, kosa la spika.

Nimeshajaribu kuandika jinsi nilivyojisikia na nimefuta kila mara. Nitasema tu kwamba nilitaka uvimbe ule uwe wangu.

Na kuna jambo baya zaidi, ambalo sikumwambia mtu. Nilipokuwa nimekaa pale niliona kwamba kwa sehemu kubwa sikuwa nikifanya vile kwa ajili yake. Nilipenda kulinganisha. Nilipenda ile saa nane mchana, nikiwa nimefumba macho, nikijua kitu ambacho wengine hawasikii. Na niliogopa kumaliza. Kwa maana ningepata spika kamili, ningemwita, angesikia, na kama bado angerudi kitandani na kugeukia ukuta, ningefanya nini tena? Maadamu spika hazijafaa, mama alikuwa bado anaweza kupona.

Kijiko kiligonga.

Mara moja. Nikasimama nichukue maji. Kikagonga mara nyingi, ovyo, kama mvua inayoanza. Kisha rido likavutwa na mama akatoka, shali mabegani, miguu mitupu. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Mdogo wangu aliacha ufagio.

Mama akakaa kwenye gunia langu, pale katikati, umbali sawa kutoka kila spika. Akafungua mdomo. Mnong'ono ulitoka umekauka, nikalazimika kumsogelea.

"Ule mama," alisema, akionyesha spika kwa kidevu. "Nilikuwa namusikia kila siku. Unamukatisha fasi moja tu, pale pale. Juu ya nini?"

"Nilikuwa natafuta sauti yako itoke vizuri, mama."

"Uache bapite."

"Mama, imeharibika. Mimi ndiye—"

"Uache bapite," akarudia.

Nikabonyeza. "Eee, wenye safari" ilipita kutoka chini ya blanketi, na mkono wangu, kwa mazoea, ukaenda kusimamisha. Mama akaushika.

Akina mama wakajibu.

Sikuwa nimewasikia kwa miezi mitatu, na kwenye spika nzuri sikuwa nimewasikia kamwe. Utepe wa sehemu ile haukuguswa. Walitoka wote, wazi, sauti thelathini pengine, kila mmoja na mahali pake, wengine kwenye spika ya kushoto, wengine ya kulia, makofi yao, mbao za sakafu ya kanisa, mtoto anayekohoa mgongoni mwa mtu. S zao zote zilikuwepo. Hazikubana.

Mama alikuwa akionyesha kwa kidole, huku na huku, kana kwamba wamekaa kwenye matofali.

"Ule ni mama wa mapacha. Ule, muke wa mchungaji." Kidole kikangoja. "Na ule... sikia, sikia, alikuwa anachelewaka kila mara." Na kweli, sauti moja iliingia nyuma ya wengine, mbio mbio. Mama akacheka. Kicheko chake hakikuwa na sauti, mabega tu.

Mdogo wangu aliuliza wako wapi. Mama akamvuta akae kando yake, na sisi watoto wawili tukaelewa kwamba wengi wao hawapo tena.

Wimbo ulipofika mwisho nilizima haraka, kabla mashine haijala hata uzi mmoja zaidi. Mama akagonga goti langu kwa kidole: tena.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya udongo: Haji na memori kadi, gazeti, mara arobaini kwa siku, unga kwenye pamba. Nilimwonyesha pamba. "Kila nikirudisha inakwisha, mama. Sauti yako nimeimaliza mimi. Kesho niipeleke kwanza Mbarara ikopiwe, hicho kilichobaki. Leo basi."

Aliichukua ile pamba akaitazama. Nilingoja anipige, au alie. Alikuwa na haki ya vyote viwili.

"Ile yangu najua vile ilikuwa," alinong'ona. Kila neno lilimgharimu, niliona shingo ikivuta kwenye kovu. "Kesho utapeleka. Leo ninataka bale."

Sikuweza kuinua mkono. Nasema kweli, mkono ulikataa. Nilikuwa nikihesabu: mara moja zaidi ni kiasi gani, ni unga wa kujaza nini. Mama akainama kupita bega langu na kubonyeza kitufe cha kurudisha mwenyewe. Utepe ulilia ukirudi nyuma. Ukasimama. Akabonyeza tena.

Palikuwa na ule ukimya wa mwanzo, nafasi ya sekunde moja ninayoijua kuliko jambo lolote duniani, mahali ambapo palikuwa na pumzi na sasa hapana kitu. Na mama, aliyekaa wima kwenye gunia la maharage, macho kwenye zile spika za kahawia, akaivuta. Kwa mazoea tu, nadhani. Kwa sababu ndipo mahali pa kuvuta. Niliisikia chumbani, karibu na sikio langu, nikageuka.

Kilichofuata kutoka kooni mwake kilikuwa mkwaruzo. Hakikuwa noti yoyote ya muziki. Aliendelea nacho mpaka akina mama walipomjibu.